Siku Kyengo Alipokufa Tseikuru

Iko siku moja ambayo mpaka leo naikumbuka pamoja na harufu yake, mwanangu: harufu ya vumbi, ya mbuzi, na ya mafuta ya jenereta ya wazungu wa filamu. Ilikuwa Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, mahali ambapo zamani hizo ukisema unaenda, watu walikuuliza kama umekosana na kwenu. Siku hiyo nilimwona mtu akifa mbele yangu huku akinitaja jina, na nilikuwa msichana wa miaka ishirini tu. Nakupa habari hii kwa sababu nimesikia mmeanzisha kikundi cha maigizo pale kanisani. Juzi nilipita karibu na dirisha nikasikia mnavyoapizana, kila mmoja akimwita mwenzake kwa jina lake halisi, kisha mnacheka. Sikuingia kuwagombeza. Nilisema nitangoja mmoja wenu aje mwenyewe, na umekuja, basi kaa.

Kwanza lazima umjue Kyengo. Alikuwa mtu wa Malili, urefu wa kawaida, uso wa kawaida, uso ambao ukipishana nao barabarani hujisumbui kugeuka. Alianza na michezo ya Krismasi kanisani, akawa Herode, na watoto wa Sunday school wakakataa kumpa mkono mpaka Pasaka. Kutoka hapo akaingia redioni, kwenye michezo ya Kikamba ya jioni, ambako angeweza kuwa mume, mke, na jirani anayekuja kuwaamua, wote katika mchezo mmoja. Kisha akapanda jukwaani. Na wazungu walipoanza kuja huku kwetu kutengeneza filamu zao, wakamchukua huyo huyo: mara askari wa mkoloni, mara mwenye ngamia kutoka kaskazini, mara mhubiri. Nilimwona katika hayo yote, na nakuambia kweli, pale jukwaani sikuwahi kumwona Kyengo hata mara moja.

Mara ya kwanza ilikuwa katika mji wa Salama. Mimi na mama yangu tulikuwa tunauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu, mvua ikatushika, tukakimbilia ukumbi uliokuwa wazi. Mama alikuwa mtu wa kanisa, mkali, na mambo ya michezo hakuyapenda hata kidogo, lakini mvua haikumpa nafasi ya kuchagua. Ndani kulikuwa na mchezo wa mjane mzee anayenyang'anywa shamba na chifu. Mjane alitoka, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu yake vile nyanya zetu hunyoosha, akaanza kuchambua kunde huku akinung'unika. Hakufanya kitu kingine. Alichambua kunde tu, na ukumbi mzima wa watu waliokuwa wakipiga kelele za mvua ukanyamaza. Alipoondoka akaja chifu, tumbo likitangulia, na baadaye akaja mlevi wa kijiji, watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Mchezo ulipokwisha mama akakusanya mahindi yaliyobaki, akazunguka nyuma ya ukumbi kumtafuta yule mjane amsaidie. Alimkuta mwanamume mwenye mikono mipana anakula chapati peke yake. Akamwuliza yule nyanya ameenda wapi. Yule mwanamume akameza, akamjibu kwa ile sauti ya mjane, "Si ni mimi, mwanangu. Na chifu pia ni mimi." Mama aliweka mahindi chini akaondoka bila kuaga. Njiani aliniambia mtu wa namna hiyo anatisha. Mimi nilitembea nyuma yake nikijaribu kunyoosha miguu kama yule mjane, na nilijua tayari kazi ninayoitaka duniani.

Miaka michache baadaye nikaingia kikundi cha Kyengo. Yeye mwenyewe alikuja nyumbani kuniombea ruhusa, akaketi na kofia magotini, na kwa mara moja tu nikamwona akihangaika kama watu wengine. Mama alimkazia macho muda mrefu. Mwishoni akakubali, akisema nitaenda, lakini siku nitakayorudi nyumbani na jambo baya limenishika, basi huo utakuwa mwisho. Tukaanza kuzunguka na lori, Makueni, Kitui mjini, Mwingi, popote penye ukumbi au uwanja wa shule. Nilijifunza kwake kila kitu. Kyengo alikuwa akianza na miguu. Akipewa mtu wa kuigiza, alienda sokoni kumtafuta mtu wa aina hiyo, akamfuata kwa macho, kisha akamwomba kwa heshima amwazime viatu vyake, naye akamwachia vyake vizuri. Alivaa viatu vya watu vilivyokwisha upande, vya tairi, vya ngozi, mpaka mwendo wao ukamwingia. Maneno aliyaacha mpaka mwisho kabisa. Nilipomwuliza kwa nini, alisema maneno ndiyo mazito kuliko yote na hapendi kuyabeba mapema.

Sasa ikaja ile filamu. Mkubwa wake alikuwa mzungu mrefu tuliyemwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Hadithi ilikuwa ya msichana wa Kikamba anayetaka kuacha nyumbani kwenda mjini, baba yake anakataa, anaugua, na akiwa kitandani anakufa, anamlaani. Kyengo akapewa baba. Mimi, sijui kwa bahati gani, nikapewa binti. Niliposikia habari hiyo sikulala.

Wewe umekulia wakati mwingine, kwa hiyo nikueleze. Huku kwetu laana ya mzazi tunaiita kiumo, na mbaya kabisa ni ile ya mzazi anayekata roho. Akiwa hai unaweza kumrudia, mbuzi akachinjwa, wazee wakakaa, naye akayafuta aliyoyasema. Akishakufa, ni nani atayafuta? Watu wa Ukambani wa wakati huo, waliookoka na wasiookoka, hakuna aliyelichezea jambo hilo.

Mama yangu alikuwa ameokoka zamani na alizoea kusema mambo ya kiumo yalikwisha siku hiyo hiyo aliyookoka. Lakini nilipomweleza hadithi ya filamu aliacha kukoroga uji. "Jina lako litatajwa?" Nikamwambia halitatajwa, yule binti wa hadithi ana jina lake. "Likitajwa," akasema, "usikanyage hapa kabla wazee hawajachinja mbuzi." Nikamwuliza, "Mwaitu, mama yangu, mtu aliyeokoka anajua mbuzi wa nini?" Alinitazama tu mpaka nikaenda kuosha vyombo.

Tulipofika Tseikuru, Kyengo akapotea. Alienda kukaa na mzee mmoja mfugaji, akachunga naye, akanywa naye maziwa ya kibuyu, akavaa viatu vyake. Siku aliyorudi, Kofia alikuwa akipita huku na huku katikati ya wazee wa pale walioajiriwa kwa filamu, akiuliza kwa hasira Kyengo yuko wapi. Kyengo alikuwa ameketi nao mbele yake, akinusa ugoro. Hata mimi nilikuwa nimemsalimia kwa heshima ya wazee na kupita. Alikuwa na miaka kama thelathini na nane hivi, na shingo yake ilikuwa imezeeka. Mpaka leo sijui mtu anazeesha shingo kwa njia gani.

Jioni ile Kofia akatangaza kwamba tutatumia majina yetu wenyewe. Alisema mtu akisikia jina lake mwenyewe, uso wake hugeuka kwa kweli, na hiyo ndiyo picha anayoitaka. Kwa hiyo Kyengo, akiwa mzee anayekufa, angemlaani Mueni. Na Mueni ni mimi.

Nilimfuata Kyengo pale alipokuwa akinawa. Nilimweleza maneno ya mama, yote, halafu kwa haraka nikaongeza kwamba asijali, aseme tu, mama hatajua, na hata hivyo ni mchezo tu. Mwanangu, sikuwa nimewahi kumwona akikasirika. Hakupandisha sauti.

"Mueni, watu wakilia pale ukumbini, yale machozi ni ya mchezo?"

"Hapana."

"Basi usiniambie tena ni mchezo tu. Kama maneno yangu yanamfikia mtu aliyekaa kule nyuma hata kumjua simjui, wewe niliyekushika mkono yatakupita?"

Nikamwuliza kama yeye, mtu aliyeokoka, anaogopa kiumo. Alijipangusa uso polepole. Alisema kiumo hakiogopi, anaogopa mdomo wake, kwa sababu anaujua unavyofanya kazi. Kisha akaniambia nikalale. Sikujua atafanya nini. Nilichojua ni kwamba nikikataa kusimama pale, filamu imenipita na jina langu kwenye kazi hii limekwisha, na nikisimama, nyumbani kwetu kumefungwa.

Kesho yake asubuhi wakatandika ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba ya majani, na wanawake wazee wa Tseikuru wakaketishwa nyuma yangu kama majirani waliokuja kumuaga mgonjwa. Mkubwa wao alikuwa Susu Kalunde, na susu kwetu ni nyanya. Kyengo akalala juu ya ile ngozi, akafunikwa shuka. Kofia akainua mkono, mashine ikaanza kulia, na Kyengo akaanza kufa.

Nimeona watu wakifa kweli tangu wakati huo. Nimemzika mume, nimemzika mama. Na bado nikikumbuka pale Tseikuru nashangaa, maana kila nilichokuja kukiona vitandani nilikuwa nimekiona kwake kwanza: vidole vinavyotafuta shuka, pumzi inayopanda na kukaa huko juu, macho yanayomtazama mtu na kumpita. Alijiinua kwa kiwiko. Akanishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa baridi, nakuapia, katika jua la Tseikuru. Uso wake ukanigeukia na nikaona chuki ya baba, ile ambayo ndani yake bado kuna mapenzi, na ndiyo maana inatisha. Akaita, "Mueni." Nikafumba macho. Nilijua sasa yanakuja.

Yakaja. Sauti ilikuwa ya kulaani, meno yameumana, kidole kinatetemeka mbele ya uso wangu. Lakini maneno ya Kikamba yaliyotoka yalikuwa haya: "Mueni mwanangu, nenda na ufike. Unywe maji ya kila mto utakaouvuka. Ukilala ulale salama, ukiamka ukute watu. Watoto wako ndio wakuzike, usiwazike wewe. Na jina langu, mahali popote utakapolitaja, likufungulie mlango."

Mwili wangu haukujua uamini kipi. Masikio yalisikia baraka, macho yalipofunguka yaliona laana, na miguu ilitaka kukimbia. Nililia kwa namna ambayo sijawahi kulia tena mbele ya mashine. Halafu nyuma yangu wale wanawake wote, kwa pamoja, bila kuambiwa na mtu, wakaitikia, "Amina."

Wangefanya nini? Wameketi mbele ya mzee anayekata roho, anatamka baraka, na tangu utotoni midomo yao inajua baraka haiachwi hewani hivi hivi bila mtu kuiitikia. Walisahau mashine, walisahau Kofia. Mimi mwenyewe nusura niitikie.

Kofia hakujua Kikamba. Alisimamisha kazi, akaruka kwa furaha, akamkumbatia mtu wa picha. Kisha akasimama. Akamgeukia mkalimani wetu, kijana wa Mwingi aitwaye Musyoki, akamwuliza wanawake wamesema nini. Musyoki alitazama viatu vyake. Akasema wamesema Amina. Kofia akauliza kwa nini watu waitikie Amina kwenye laana. Musyoki akazidi kutazama viatu.

Kyengo aliketi pale kwenye ngozi akajibu mwenyewe kwa Kiingereza kwamba hakulaani, alibariki. Kofia akataka kuyasikia yote, na Kyengo akamtafsiria neno kwa neno, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuombea chumvi mezani. Yule mzungu alikuwa mweupe tayari, lakini weupe ukaongezeka. Alisema alidhani anamwona mtu akimuua binti yake kwa mdomo. Kisha akakumbuka ni kazi yake, akasema irudiwe na maneno yaliyoandikwa.

"Nitalia unavyotaka," Kyengo akamwambia. "Nitaanguka, nitakufa mpaka jua lizame. Lakini yale maneno simwambii Mueni. Weka jina la uongo nitayasema hata kwa mti."

Kofia akasema jina ndilo linalomgeuza uso, na kama Kyengo hawezi, atatafutwa mwingine anayeweza. Hapo Kyengo akainuka, akakunja ile shuka vizuri, akaiweka juu ya ngozi. Elewa vizuri aliachia nini, mwanangu. Hii ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ambayo yeye ni mtu mkuu, si askari wa kupita nyuma. Aliingojea tangu siku za Herode. Alianza kutembea kuelekea kwenye lori, na hata mwendo wake bado ulikuwa wa yule mzee.

Kofia akanigeukia, akauliza kupitia Musyoki kama mimi niko tayari mtu mwingine aje ayaseme. Aliyejibu ni Susu Kalunde, ambaye hakuna aliyemwuliza. Aliinuka kwa kushika bega la mwenzake, akakung'uta vumbi.

"Mwambie huyu mgeni sisi tuko na mbuzi wa kukamua," akamwambia Musyoki. "Kama ni kukaa hapa tuangalie msichana wa watu akiharibiwa, atafute wanawake wengine. Na kama huyo mzee anaenda, basi msiba umeisha, twende."

Wakaenda. Kofia akabaki na mashine zake na ngozi ya ng'ombe. Kutwa nzima alikaa ndani ya gari lake. Asubuhi alikuja mwenyewe kando ya lori, mahali Kyengo alipokuwa akinywa chai akingoja safari, akaketi chini kwenye mchanga. Alisema hakuweza kuusahau ule uso na yale maneno pamoja. Hadithi ameibadilisha. Baba atakufa akitaka kulaani, na kinywa chake kitabariki. Anachoomba ni irudiwe, kwa sababu mmoja wa wale wanawake alitazama mashine pale mwanzoni, na ile Amina anaitaka vile vile.

Wanawake wakaitwa, wakaja bila haraka. Kyengo akalala tena kwenye ngozi. Mara hii hakufanya kama jana, ingawa maneno yalikuwa yale yale. Jana alikuwa baba mwenye hasira. Leo alikuwa baba ambaye hasira inamtoka huku akiitazama ikienda, na kila neno la baraka lilimgharimu pumzi ambayo hakuwa nayo. Alipofika kwenye kuzikwa na watoto, sauti ilikatika, akaitafuta, akaipata. Akanitazama. Akafa.

Kofia alingoja Amina yake na hakuipata, maana kila mtu alikuwa analia, hata Musyoki. Mashine ikazimwa. Tukangoja Kyengo aamke. Hakuamka. Susu Kalunde akasogea taratibu, akavua leso yake ya begani, akamfunika uso, na wenzake wakaanza kuinamisha vichwa. Ndipo chini ya leso tukasikia mtu akikohoa na kuomba maji. Susu Kalunde alimchapa na ile leso, huku akicheka na machozi hayajakauka.

Filamu ilifika Kitui mjini baadaye, nikampeleka mama. Nilikuwa sijamwambia kitu. Tuliketi kwenye benchi gizani, na Kyengo alipojiinua kwa kiwiko na kuita "Mueni," mama alinishika mkono kwa nguvu hadi pete yangu ikaniumiza. Maneno yakaanza. Nilihisi mkono wake ukilegea, neno kwa neno, na kufikia mwisho ulikuwa umelala tu juu ya wangu. Tukatembea mpaka stendi. "Yule mbuzi wetu beberu wa madoa nilikuwa nimemweka," akasema. "Tangu uondoke kwenda huko. Kesho nitamuuza." Na baada ya kupanda gari akaongeza kwamba Kyengo akiniita tena kazi yoyote, nisimwulize yeye, niende tu.

Nikaenda, mwanangu, miaka mingi. Kyengo aliendelea mpaka miaka ya tisini: wafalme, wezi, vichaa, mwanamke mmoja mtalaka aliyefanya ukumbi wa Nairobi usimame. Aliigiza wauaji mpaka nikaogopa kukaa naye lori moja. Na katika yote hayo hakumtupia mtu aliye hai neno baya kwa jina lake. Alikuwa na uso wa kila mtu, na ule mdomo aliuchunga kama wake mwenyewe. Mimi nilikaa karibu naye miaka hiyo yote na bado namstaajabia.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Igizeni. Msisikilize wanaosema ni kazi ya watu wasio na kazi. Iga mlevi, iga shetani ukipewa, na mfanye shetani kamili, usiwe shetani wa kuona haya. Lakini unapomkabili mwenzako pale jukwaani, kumbuka ana mama nyumbani anayemngoja arudi mzima. Kile unachoweza kukisema ukiwa na uso wa mtu mwingine, kinasemwa na mdomo wako, na yule anayekisikia anaenda nacho. Mkubwa wa kazi akikudai hicho, hata kama ndiyo nafasi uliyoingojea maisha yako yote, kunja shuka yake vizuri umrudishie. Ukiwa na kazi kweli mikononi, atakufuata. Na asipokufuata, utakuwa bado unaweza kuingia kwa watu wako mchana kweupe.

Sasa sogea karibu, nimalize jambo nililokukalishia. Kwetu baraka haitolewi kwa mtu asiye na jina, na macho yangu siku hizi hayanionyeshi vizuri ni mjukuu wa nani huyu. Litaje jina lako mwenyewe, hapo ulipo, kwa sauti, ili maneno haya yajue yanakwenda kwa nani. Umelitaja? Basi wewe huyo: upewe sura nyingi na moyo mmoja. Watu wakutazame wakasahau njaa yao. Kila uendapo kazini, kuwe na mtu anayekungoja urudi, na urudi.

Sasa itikia.